Gari ya kukodi, ya mkataba au ya kununua? Mwezi wa pili ndo utakwambia

Kuna swali limekaa nyumbani kwetu tangu mavuno yaliyopita na kila tukilifunika linafunuka tena. Tuendelee kukodi gari za watu au tuchukue ya kwetu, na kama ni ya kwetu tunaichukuaje. Nimeamua kuliandika maana najua hatuko peke yetu, hapa Uyole, Mbeya, tu nyumba tatu ninazozijua wako kwenye swali hili hili, na ushauri unaotembea mtaani mwingi unaanzia kwenye bei ya gari na kuishia kwenye bei ya gari, wakati bei ndo sehemu rahisi kuliko zote.

Mimi nafanya biashara ya ndizi na viazi. Ndizi nachukua Kiwira, viazi Isyonje na vijiji vya juu yake, nashusha sokoni Mwanjelwa, mara chache kuna oda ya Tunduma. Kwa wa mbali wasiopajua, Uyole ndo njia panda, barabara kuu ya Dar inapita hapa kwenda Tunduma mpakani na Zambia, na hapo hapo inachepuka ya Tukuyu na Kyela mpaka Kasumulu kwa Malawi. Kwa hiyo magari hayakosekani kabisa, ukisimama barabarani na mzigo wako utapata kirikuu (kale kapikapu kadogo ka mzigo), utapata Noah, utapata Canter inayorudi tupu. Baba Tumaini, mume wangu, ni mwalimu wa sekondari, ana mshahara wa serikali, na huo mshahara utakuja kuwa na kazi kubwa kwenye hii habari.

Mpaka saivi nakodi kwa safari. Kirikuu kutoka Kiwira ni elfu sitini, ikiwa mvua imenyesha dereva anapandisha, na kama mzigo uko ndani kijijini anapandisha zaidi au anakataa. Wiki nzuri naenda mara tatu, wiki mbaya siendi kabisa. Watu wakisikia hivyo wanasema unatupa hela, hiyo hela ya kukodi ungeshanunua gari. Nimeisikia mara nyingi sana, sokoni, kanisani, hata kwa mteja ananunua mkungu mmoja. Na sio kwamba wanakosea moja kwa moja, ukijumlisha mwaka mzima ni hela nyingi kweli. Ila hiyo elfu sitini ina kitu ndani yake ambacho watu hawakihesabu: nisipoenda, silipi. Dereva akipasua tairi pale kona za Isyonje, tairi ni lake. Akikamatwa na trafiki, faini elfu thelathini ni yake. Mimi nalipia njia tu.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake baba Tumaini, yuko Houston, Marekani, na yeye ndo alilichochea hili jambo. Alinipigia WhatsApp akiwa ndani ya gari mpya kabisa, kilomita sifuri, alafu ananiambia shemeji hii gari sijanunua, nimekodi kwa mkataba wa miaka mitatu, na nyie huko mfanye hivyo hivyo acheni kuua hela kwenye kununua. Nilimwomba anifafanulie taratibu na akanifafanulia vizuri sana, yule mtoto ana akili ya mahesabu toka zamani.

Inakwenda hivi. Chukua gari ya dola 36,000. Kampuni inakadiria baada ya miezi 36 hiyo gari itakuwa imebaki na asilimia 60 ya bei yake, yaani dola 21,600. Tofauti yake ni dola 14,400, na hiyo ndo unayoilipia, kwa sababu ndo kipande cha gari utakachokuwa umekitumia. Gawa kwa miezi 36 unapata dola 400 kwa mwezi. Juu yake kuna gharama ya hela yao, wenzetu hawaiandiki kama riba ya asilimia, wanaandika kanamba kadogo, tuseme 0.0025, wanazidisha na jumla ya bei ya gari na ile thamani ya kubaki, inatoka dola 144. Ukitaka kujua huo mdudu ni riba ya asilimia ngapi unazidisha na 2,400, inakuja asilimia 6 kwa mwaka. Kwa hiyo mwezi unalipa dola 544 kabla ya kodi zao. Gari hiyo hiyo angeichukua kwa mkopo wa miaka mitano kwa asilimia 6, angelipa kama dola 696 kwa mwezi. Unaona kwa nini analipenda, kila mwezi anabaki na dola mia moja na hamsini mkononi na gari ni mpya muda wote.

Ila nikamuuliza, mwisho wa miaka mitatu unabaki na nini? Akasema nairudisha, au nailipia ile 21,600 iwe yangu. Na ukitembea sana? Hapo ndo akaanza kucheka, kwamba mkataba wake una kikomo cha maili 12,000 kwa mwaka, kama kilomita 19,300 hivi, akizidisha analipa kwa kila maili, na wengi wanatoza senti 15 mpaka 30. Akizidisha maili elfu tatu kwa senti 25 ni dola 750. Kiti kikichanika kupita uchakavu wa kawaida, analipa. Bamba likibonyea, analipa. Bima lazima iwe kubwa. Na akitaka kuvunja mkataba katikati kwa sababu kazi imeisha, gharama yake ni kubwa mpaka wengi wanaona bora wavumilie tu wamalize.

Kwa maisha yake mimi naona amechagua vizuri, na nilimwambia hivyo. Anaingia kazini siku zile zile, barabara ni lami mlango kwa mlango, mshahara unaingia kila baada ya wiki mbili. Mkataba ule umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna yake kabisa. Sasa nichukue mkataba huo huo niulete Kiwira mwezi wa tatu, gari imebeba mikungu ya ndizi inayovuja utomvu kwenye viti, tope limefika kwenye bampa. Hiyo gari utairudisha kwa nani akaiita uchakavu wa kawaida? Alafu mfumo wao mzima umesimama kwenye ile asilimia 60, kwamba kuna kampuni inajua itaiuza shilingi ngapi baada ya miaka mitatu kwa sababu wanaingiza magari mapya kwa wingi na yanarudi kwa wingi. Sisi huku gari karibu zote tunazoziita mpya zimeshatembea Japani, zinakuja zina miaka kumi na kitu, na upya wake ni kwamba hazijatembea Bongo.

Huku kwetu kuna vitu viwili vinavyofanana na cha shemeji. Kimoja ni karadha, kampuni inanunua trekta au lori au mashine, unaitumia huku unalipa mpaka inakuwa yako, na sheria yake ipo tangu 2008, kampuni zake zinasimamiwa na Benki Kuu. Ni kitu kizuri, kwa mwenye shamba kubwa au kiwanda cha kukoboa mpunga kule Mbarali ningemwambia aende akaulize. Cha pili ndo kile kila mtu anakijua, mkataba, unaendesha chombo cha mtu huku unamlipa kila siku au kila wiki mpaka muda uishe kiwe chako. Mkataba wa boda, wa bajaji, na siku hizi mpaka wa Noah na Probox.

Niseme kuhusu mkataba kwa kirefu kidogo maana hapa ndo vijana wetu wanaumia na mimi linanigusa.

Niliitafuta Probox ya mkataba na nikaipata. Gari yenyewe ukiwa na taslimu ni milioni 18. Kwa mkataba ni laki tatu kwa wiki kwa miaka miwili, na hesabu, yaani hiyo hela ya kumpelekea tajiri mwenye gari, haina mjadala. Zidisha wiki 104, ni milioni 31 na laki mbili. Kwa hiyo juu ya bei unaongeza milioni 13 na laki mbili, na huku service ni yako, matairi yako, bima yako, faini zako, kadi ya gari inabaki kwa jina la tajiri mpaka siku ya mwisho. Sio kwamba tajiri ni mwizi, na yeye ameweka hela yake kwa mtu asiye na dhamana yoyote, lazima ajilinde. Lakini angalia mzigo umeegemea wapi. Kila kitu kinachoweza kuharibika kiko upande wa anayeendesha na kila kitu kinachobaki na thamani kiko upande wa mwenye kadi.

Kuna kijana jirani yetu alikuwa na bajaji ya mkataba, analeta hesabu kila jioni bila kukosa, mtu wa kujituma haswa, amevuka mwaka mzima amebakiza miezi michache akaumwa. Akalala hospitali, akatoka hana nguvu, hesabu zikapita. Bajaji ikachukuliwa. Yote aliyolipa yakahesabika kama alikuwa anakodi tu, kwa sababu walikubaliana kwa mdomo na ile karatasi ya mkono haikusema chochote kuhusu kuumwa. Mama yake alikuja kukaa kwangu akalia mpaka nikakosa neno. Kwa hiyo kama unasoma hapa na unakwenda kuchukua chombo cha mkataba kesho, tafadhali sana, iandikwe, muende kwa mwanasheria au angalau serikali ya mtaa na mashahidi, na iandikwe wazi ukishindwa baada ya kulipa nusu unarudishiwa nini, ukiumwa unapewa wiki ngapi, chombo kikiibiwa au kikiungua bima inamlipa nani. Bima ndogo hailipi gari yako wewe, inamlipa uliyemgonga. Ukiwa na mkataba wa miaka miwili na bima ndogo, gari ikiteketea unabaki unadaiwa gari ambayo haipo.

Haya, kununua sasa. Hapa nitapita haraka kwenye kuagiza Japani maana watu wengi wanaijua. Kinachoshangaza watu ni kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani ya gari mpaka bandarini, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini kati ya cc 1,000 na 2,000, gari ya kutembelea ikizidi miaka kumi unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, alafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo vikishajumlishwa. Kwa gari ambayo TRA, watu wa mapato, wameithaminisha milioni 10 hapo bandarini, nilipiga hesabu nikapata kodi milioni 9 na laki tisa na kidogo, na bado tozo ndogondogo, na wakala, na dereva wa kuileta kutoka Dar zaidi ya kilomita 800 na mafuta yake. Na thamani ni ile ya TRA, risiti yako ya Japani wanaiangalia tu. Kikokotoo chao kipo mtandaoni, pitia hapo kabla hujatuma hata shilingi.

Ila mimi hizo namba zote nilikuja kuziona ni za pili. Namba ya kwanza ni mwezi wa pili, Februari.

Ngoja nieleze. Nyanda za juu kusini hela haiji sawasawa mwaka mzima, mtu yeyote wa Mbeya, Njombe, Iringa anajua hili mwilini. Mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa tano, mpunga wa Usangu nao miezi hiyo hiyo, kahawa inakuja katikati ya mwaka. Hapo mtaani kuna hela, mteja ananunua mkungu mzima, mama lishe anachukua gunia, hata deni la mwaka jana linalipwa. Ikifika Januari mambo yanageuka. Wazazi wamemalizia kila kitu kwenye sare na michango ya shule na nauli za watoto wa bweni, mahindi bado mabichi shambani, mvua inapiga kila mchana. Februari na Machi ndo inakuwa mbaya zaidi kwangu, maana njia za vijijini zinateleza mzigo unakaa, na kule juu viazi vya masika vinaanza kutoka watu wote kwa pamoja kwa hiyo bei inaanguka. (Na wanunuzi wakubwa ndo wanarudi na lumbesa zao hapo, gunia limevimba kichwa, mkulima anauza kilo mia na zaidi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100 na inakatazwa kila mwaka, na kila mwaka naiona. Inaniuma sana hii.)

Sasa weka laki tatu kwa wiki kwenye mwezi wa pili. Ni milioni moja na laki mbili kwa wiki nne. Mimi kuna Februari ambazo biashara yote haijagusa hapo, mauzo sio faida. Ile hesabu ya mwezi wa saba ambayo inalipika huku unaimba, ndo hiyo hiyo mwezi wa pili inakutoa kwenye nyumba ya kupanga. Gari haijui msimu, na mwenye gari pia hajui, siku ya hesabu ni Jumamosi basi.

Kwa hiyo nikaacha kuuliza ipi rahisi. Nikaanza kuuliza kila njia kitu kimoja tu: mwezi wa pili unanidai nini? Kukodi kwa safari kunanidai sifuri nisipoenda. Mkataba unanidai milioni na zaidi. Mkopo wa benki wa milioni 20 kwa miaka mitano, nikiweka riba ya asilimia 16, unanidai kama laki nne na elfu themanini na sita kila mwezi, na mwisho wa yote nimelipa milioni 29 na ushee. Ni afadhali kuliko mkataba kwa mbali sana, ila bado kwa biashara yangu ni mzigo wa kuniamsha usiku.

Tukakaa mezani na baba Tumaini, watoto wamelala, akaniambia kitu ambacho nilikuwa sikitazami. Akasema mama Tumaini, wewe unahesabu kama deni lazima lilipwe na ndizi. Mshahara wangu haujui masika. Na ni kweli. Mshahara wa mwalimu ni mdogo lakini unaingia Februari sawa na unavyoingia Julai, na ndo kitu pekee ndani ya nyumba yetu chenye tabia ya mkataba wa shemeji. Kwa hiyo deni lolote tutakalochukua lipimwe kwa mshahara peke yake, biashara isihesabiwe hata senti, na ibaki ndani ya ile kanuni ya mtumishi kubakiwa na theluthi moja ya mshahara, na sisi tukasema tubaki na zaidi ya theluthi maana kuna mama mkwe Tukuyu na kuna ada ya Tumaini.

Tukishusha namna hiyo milioni 20 haiingii. Inaingia milioni 8 kwa miaka mitatu, kama laki mbili na elfu themanini na moja kwa mwezi. Tuna akiba yetu milioni 5, nusu yake imetoka kwenye kikoba tulipogawana mwezi wa kumi na mbili. Jumla 13. Na milioni 13 haikupi gari kutoka Japani, inakupa Probox namba D iliyokwisha tembea hapa hapa nyumbani, cc 1,500, ile injini ya 1NZ ambayo fundi yeyote kuanzia Mafiati mpaka Mbalizi anaifungua amefumba macho, na spea zake zipo kila duka. Dada mmoja Mwanjelwa aliniambia utanunua ugonjwa wa mtu. Inawezekana, ndo maana kuna fundi. Lakini ugonjwa wa gari ya mkononi naweza kuutengeneza kidogo kidogo nikiwa na hela na kuiacha imepaki nikiwa sina. Gari iliyopaki nyumbani haidai, zaidi ya bima. Hata ile ada ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo usipotembea hulipi.

Na kirikuu sitaiacha. Mzigo mkubwa wa viazi nitaendelea kukodi, Probox isije ikavunjika mgongo kwa tamaa. Gari yetu itabeba ndizi za kawaida, itampeleka mama mkwe kliniki, itamtoa Tumaini shule mvua ikinyesha. Namba yake ni ya njano, ya binafsi, inabeba mzigo wangu mwenyewe, sibebi abiria wala mzigo wa watu kwa hela. Siku nikitaka kufanya hivyo nitakwenda LATRA, wanaotoa leseni za usafirishaji, na nitabadili iwe nyeupe, sio kujificha ficha na askari wa Igawilo.

Jumamosi tunakwenda kuiangalia moja mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya. Fundi ameshaniambia atakachoanza nacho: injini iwe ya baridi kabisa tukifika, asiikute imeshawashwa, alafu tuipandishe mlima kwenda Isyonje imebeba watu wanne aone jotoridi na gia, na tukirudi tunashuka nayo aone breki. Mimi kazi yangu ni karatasi. Namba ya chesisi kwenye kadi na kwenye gari zilingane herufi kwa herufi, jina la kwenye kadi liwe la anayeniuzia au awe na mkataba wa mauzo kutoka kwa huyo mwenye jina, niingize namba ya gari kwenye mfumo wa polisi nione faini zinazodaiwa, na kubadili umiliki TRA tufanye pamoja wiki hiyo hiyo hela ikiwa haijaisha kutoka mkononi kwangu. Fundi akisema hapana, tunarudi na daladala na hela yetu, na Jumatatu nakodi kirikuu kama kawaida.

Shemeji amekasirika kidogo, anasema bado nafikiri kizamani. Nimemwambia sina ugomvi na kukodi kwa mkataba. Alete kampuni ije Uyole na karatasi inayosema Juni mpaka Septemba nalipa laki nane kwa mwezi, Januari mpaka Machi silipi kitu, kadi inaandikwa majina mawili, na nikishindwa baada ya nusu narudishiwa kiasi changu. Nitaisaini asubuhi, na nitampeleka yule kijana wa bajaji asaini nyuma yangu.